Bonyeza Tu, Mama

Enyi majirani wa Mchafukoge, mnaoniona kila siku nikipita na begi langu la bisibisi, leo nisikilizeni, maana habari hii inanihusu mimi mwenyewe, Ramadhan, fundi wenu wa kompyuta.

Asubuhi za ghorofa ya tatu ya jengo letu zilikuwa za amani. Bi Sudha, mama yake Mansi, aliwasha taa ya samli mbele ya miungu yake, akagonga kengele ndogo, kisha akafungua kompyuta. Sauti ya marehemu mumewe, mzee Harilal, ikajaza sebule kwa bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu. Mzee alizirekodi nyimbo zile kwa simu katika mwezi wake wa mwisho, akikohoa katikati ya beti. Mjane alizipenda zaidi zile zenye kikohozi.

Nyimbo zilikaa ndani ya kisanduku cha kuhifadhia mafaili, nilichomnunulia Kariakoo wakati ule vifaa vya kutoka nje ya nchi vilipokuwa vikimiminika. Mimi ndiye niliyekiunganisha na kompyuta yake. Mimi ndiye niliyemwambia azifute kwenye simu, kwa kuwa ilikuwa imejaa.

Tatizo lilikuwa moja. Kila alipokifungua, ukurasa mwekundu ulitokea kuonya kwamba kisanduku hakitambuliki. Kilikuwa kimejipa cheti chenyewe, kama mtu anayejiandikia barua ya utambulisho bila muhuri wa serikali ya mtaa. Kurekebisha kungenichukua saa moja. Nilijiambia sina nafasi, lakini kweli ni kwamba nilikuwa mvivu.

"Ramadhan mwanangu, hii inasema hatari," Bi Sudha alilalamika.

"Hatari gani, mama? Kisanduku si chako? Bonyeza 'endelea' tu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hizo ni kelele tu."

Basi akazoea. Mwaka mzima akabonyeza, kwanza kwa kusitasita, baadaye bila hata kutazama.

Nanyi mnalijua jengo letu. Intaneti moja, familia nane, waya umepita dirisha hadi dirisha, na neno la siri analijua hata muuza maji. Tuliuita ujirani mwema. Kupitia humo akaingia mtu tusiyemjua mpaka leo, akatengeneza ukurasa wa uongo unaofanana na ule wa kisanduku.

Asubuhi moja simu yangu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ramadhan, leo onyo si lile la siku zote. Halafu wanataka neno langu la siri upya."

Kaunta ya duka langu ilikuwa imejaa wateja. "Bonyeza tu, mama," nikasema, nikakata.

Naye akabonyeza, akaliandika neno lake la siri, likaenda moja kwa moja kwa mwizi. Kesho yake kila wimbo ulikuwa umefungwa kwa kufuli la mwizi huyo. Aliacha ujumbe wa kudai malipo. Mansi akalipa, mwizi akanyamaza. Nilihangaika siku tisa nikaambulia patupu. Hata kikohozi kimoja sikukipata.

Bi Sudha hakunigombeza, na heri angenigombeza. Sasa nikipanda ngazi asubuhi naisikia ile kengele ndogo, halafu kimya, pale ilipokuwa ikianza sauti ya mzee. Naogopa kimya kile.

Juzi aliniita ndani. Taa ya samli ilikuwa inawaka, ukurasa mwekundu umejaa kwenye kioo, na kidole chake kiko tayari.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "leo nibonyeze?"

Swali hilo nalisikia dukani, nalisikia nikiswali.

FUNZO

Ndugu zangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Onyo msilolielewa, ulizeni mpaka mlielewe. Sauti za wapendwa wenu msiziweke mahali pamoja tu, na neno la siri si chumvi ya kuazimana. Nanyi mafundi wenzangu, mtu asiyejua akikuuliza, usimfundishe kupuuza ili wewe upumzike. Bi Sudha aliiona hatari kwa macho yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoiona.