Foto ya Tate Angélique

Kila asubuhi kabla ya shule, Chantal alipanga bidoni yake ya maji kwenye foleni ya bomba la mtaa wa Bigo, kisha akaketi juu ya jiwe na kufungua daftari lake la michoro. Maji yalitoka polepole, kwa hiyo alipata muda wa kuchora: kina mama wakibishana, kandambili iliyokatika, mbuzi aliyelala barabarani. Siku asiyochora aliiona ndefu.

Jumapili moja bibi yake, Tate Angélique, alikataa kupita njia ya kawaida ya kwenda misa.

"Tupite huku chini," alisema.

"Huku kuna matope, Tate."

"Hata kama."

Kesho yake Chantal aliona sababu. Juu ya mlango wa studio ya Gérard, mpiga picha wa mtaa, ilitundikwa picha kubwa. Ndani yake Tate alikuwa ameinama akichambua maharage, kichwa wazi, blauzi imepasuka begani.

Nyumba ya Tate iliteketea kule Djugu wakati wa vita, pamoja na picha zake zote, hata ya ndoa. Sasa hii ndiyo iliyokuwa picha yake pekee. Na Tate hakuwahi kusimama mbele ya kamera bila liputa mpya, kitenge chake cha sherehe, na kitambaa cha kichwa.

Chantal aliingia studio kwa hasira.

"Papa Gérard, ile foto, ulimuomba Tate ruhusa?"

"Iko foto muzuri, mutoto. Watu wanasimama, wanaangalia."

"Sikuuliza kama iko muzuri. Niliuliza kama ulimuomba."

Gérard alinyoosha mkono. "Leta ile daftari yako."

Alifunua ukurasa mmoja mmoja, hadi akajikuta mwenyewe amelala kwenye benchi, mdomo wazi, mate yakimtoka.

"Na huyu? Alikupa ruhusa siku gani?"

Masikio ya Chantal yalipata moto. Hakuwa amemuomba hata mmoja wa watu wale. Lakini hasira haikuisha. Sasa alijikasirikia na yeye mwenyewe.

"Nitawauliza wote," alisema. "Mwenye kukataa, nitachana yake. Na weye utafanya nini?"

Gérard aliangalia tena ule mdomo wazi. Alikwenda kuchukua ngazi ya kuishusha picha.

Kesho yake Chantal alipita na daftari bombani. Wengi walicheka na kukubali. Mama Denise, aliyechorwa akilia peke yake, alitikisa kichwa kukataa. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote. Chantal aliuchana, akampa.

Jumamosi Gérard alifika nyumbani kwa Tate na ile picha kubwa kwapani.

"Tate, munisamehe. Nimekuja kupiga ingine, ile munapenda."

Tate aliingia chumbani. Alimngojesha saa nzima. Alipotoka, alikuwa na liputa ya kijani na kitambaa chake.

"Sasa piga," alisema.

Baadaye aliwatazama wote wawili. "Kuchora si mubaya. Kupiga foto si mubaya. Lakini mimi ndiye najua namna nataka watoto wangu wanikumbuke. Muulize mutu kwanza. Akikataa, muache."

Chantal alishika penseli yake. "Tate, naweza kukuchora?"

Tate alirudi kwenye kikapu cha maharage.

"Ngoja kwanza," alisema, akiinama kuyachambua. "Hapa. Lakini na hii kitambaa kichwani."