Mtaliano Aliyekula Kibanja

Saa 2:10 asubuhi. Kibeta.

Chumba cha nyuma cha gereji. Watu watatu, meza moja. Rutaihwa, bosi wao, akaweka karatasi ya kutolea mzigo mezani. Wino wa muhuri ulikuwa mbichi.

"Ghala la wakulima, Buganguzi. Gunia tisini za kahawa safi. Mujuni analeta Fuso. Kahigi anaingia na hati. Wapakiaji wao wenyewe ndio watatupakilia. Jioni tuko mpakani Mutukula. Giza likiingia, kahawa ni ya Uganda."

"Na polisi wa Muhutwe?" Mujuni akauliza.

Rutaihwa akaelekeza kidole dirishani. Uani alikuwa amelala Mtaliano: gari jekundu la mashindano, milango miwili, tumbo chini kama mjusi.

"Natangulia nalo. Trafiki akiliona lile, anatoa simu apige picha. Nani ataikumbuka Fuso inayofuata?"

"Bosi, lile litavuka matuta, au tulipakie na gunia?" Mujuni akatania.

"Ndiyo maana fundi atakaa na mimi."

Fundi, yaani Kahigi, hakucheka. Alilijua lile gari kuliko alivyojua watoto wake. Walilinunua chakavu miaka mitatu nyuma, yeye na Rutaihwa, kwa mkandarasi mmoja aliyelichoka. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Kumbe bei ilikuwa mahari tu. Ndoa ilikuwa mbele. Kubadilisha mkanda mmoja, injini nzima inashuka. Klachi ilitoka Ulaya, ikakaa forodhani mpaka ushuru ukaipita bei yake. Tairi za nyuma zilikula ng'ombe wawili. Giaboksi ikala kibanja.

Kibanja cha Nyanga. Migomba, kahawa, na kaburi la baba yake katikati. Kahigi alikiweka rehani, kwa sababu Rutaihwa aliapa: likitengemaa tunaliuza Dar, nusu kwa nusu. Halikutengemaa. Jumatatu mkopeshaji alikuwa anakuja na kamba ya kupimia. Mgao wa leo ndio ungemzuia.

Wazee wa Kagera wanaujua mchezo huu. Waliuita butura. Mtu ana mgonjwa ndani, tajiri anakuja kahawa ikiwa bado ua, anainunua yote kwa bei ya chumvi. Mavuno yakifika, mwenye shamba anachuma mali ya mwingine. Walifungwa baadhi, wakahubiriwa wengine, na matajiri wakajenga. Kahigi naye alinunuliwa akiwa ua.

Saa 6:40 mchana. Buganguzi.

Mtunza ghala alikuwa mama wa makamo, Evodia, miwani imefungwa kwa uzi. Alisoma hati mara mbili. Nje wapakiaji walikuwa wameanza kurusha gunia kwenye Fuso.

Evodia akaleta kikapu kidogo cha akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa atafune.

"Umetoka mbali, waitu. Tafuna kwanza."

Kahigi akapokea kwa mikono miwili. Buni tatu. Mkono ukagoma kupanda mdomoni. Bibi yake alimlea na sheria hii: ukitafuna kahawa ya mtu mbele yake, umefunga naye amani. Kumwibia baada ya hapo ni laana ya ukoo mzima. Wizi aliuweza. Hilo hakuliweza. Akazitia mfukoni.

"Mbona hutafuni?"

"Jino, mama."

"Jino." Evodia akamtazama mfuko, kisha uso. "Kwenu wapi?"

"Nyanga."

"Nyanga siku hizi hawana meno."

Akarudi ndani taratibu, simu mkononi, akafunga mlango.

Saa 7:30 mchana. Njia ya Muleba.

"Amejua," Kahigi akasema.

Rutaihwa alikuwa anakwepa mashimo, jasho shingoni, Fuso iliyojaa ikiwafuata nyuma. Mtaliano alikuwa anapiga tumbo kila tuta. "Amejuaje?"

"Sikutafuna."

"Hukufanya nini?"

"Kahawa yake. Niliiweka mfukoni."

"Tunaiba gunia tisini, wewe unaogopa buni tatu?"

"Mgeni asiyetafuna amekuja na vita. Huku hata mtoto anajua."

Rutaihwa akatazama kioo cha nyuma. Mwenyewe alikuwa Mhaya.

Saa 8:15 mchana. Kabla ya Muhutwe.

Waendesha bodaboda waliotoka mbele walionyesha ishara: kizuizi. Rutaihwa akaegesha, akazima injini.

"Kaa kwenye usukani. Uso wako hauna kesi. Wakija kupiga picha, cheka nao. Namwonyesha Mujuni njia ya vumbi, halafu narudi."

Kwenye kioo Kahigi alimwona akipanda Fuso. Fuso ikageuza, ikaitafuta njia ya Kamachumu. Vumbi likapanda, likatua. Hakuna aliyerudi.

Akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakataa. Ikiwa ya moto haiwaki mpaka ipoe nusu saa. Wawili tu duniani walijua hilo, na mmoja wao ndiye aliyeizima.

Akatazama kulia: mtaro. Kushoto: mwamba. Mbele, polisi wawili wakija kwa miguu. Hakuna aliyetoa simu.

"Kadi ya gari."

Alipapasa chini ya dashibodi, ambako Rutaihwa alikuwa ameiweka asubuhi ile. Miaka mitatu Rutaihwa alimnyima kuiona kadi hiyo, akisema jina lake litaingia likitengemaa. Akaifungua.

Jina lilikuwa moja. La Kahigi.

Akakumbuka zile karatasi za forodha, za klachi, alizosaini gereji mikono imejaa grisi, bila kusoma; kumbe kati yake palikuwa na ya umiliki.

"Gari la nani?" afande akauliza.

Kibanja kilikuwa kimekwenda. Baba angelala kwenye shamba la mtu.

"Langu."

Wakamtia pingu. Kisha wakaleta kamba, wakaanza kuifunga kwenye bampa ya mbele walivute na Land Rover.

"Msifunge hapo, afande. Patang'oka."

"Pang'oke," afande akasema, akikaza fundo. "Si lako? Utatengeneza."