Maji Aliyoyakataa Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa dobi. Asubuhi alifua nguo za watu, mchana alizipiga pasi chumbani kwake. Shati likitoka mikononi mwake, hata nzi akitua anateleza! Ndiyo maana watu walimwita hivyo, naye jina hilo alilipenda.

Nguo za watu alizianika juani. Za kwake alizianika chumbani, nyuma ya mlango. Tangu mwaka jana, akikohoa au akiinua ndoo, mkojo ulimponyoka. Mtu anayesifiwa kwa usafi atamwambia nani jambo kama hilo? Akajikaza kisabuni. Aliacha kutembelea watu. Wakimwalika, alisema ana kazi. Mwishowe waliacha kumwalika.

Siku moja simu ililia. Alikuwa binti yake, aliyekuwa amejifungua karibuni.

"Mama, utakuja lini? Mjukuu wako hata hujamwona."

"Kazi zimenizidi, mwanangu."

"Kazi zako haziishi. Sema tu kama hututaki."

Simu ikakatika. Mama Pasi aliwaza safari ndefu ya basi. Aliwaza godoro la mwanawe. Akafuta machozi kwa kiganja, akashika pasi.

Chumba kilikuwa na joto kali. Tangu alfajiri hakuwa ametia hata tone la maji kinywani. Hiyo ndiyo dawa aliyojitungia: asiyekunywa hana cha kuvuja. Ghafla kichwa kikaanza kumzunguka.

"Hodi! Gauni langu tayari?" Alikuwa jirani yake, mkunga mstaafu. "We! Una nini?"

Mkunga alimkalisha, akazima pasi, akamletea maji.

"Siyataki."

"Na joto lote hili? Hata ua hunywa, shoga yangu."

"Nimesema siyataki!"

Mkunga alitazama nguo zilizoanikwa nyuma ya mlango. Alifunga mlango kwanza. Kisha akakaa chini, akaanza kukunja mashati, ili asimtazame mwenzake usoni.

"Mkojo unakuponyoka tangu lini?" aliuliza taratibu.

Mama Pasi alitaka kukana. Badala yake alilia.

"Uzee umeniaibisha."

"Aibu iko wapi? Haya ni maradhi. Nimewaona wanawake wengi wenye shida hii, hata wasichana. Uzazi hulegeza misuli ya chini. Mficha uchi hazai, shoga, na mficha hili hatibiwi."

"Lakini maji nimeyaacha."

"Hapo ndipo unapokosea. Mkojo mzito huchokoza kibofu, kikakusumbua zaidi. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Halafu fanya zoezi. Kaza misuli ya chini, kama unayezuia mkojo na hewa ya tumboni pamoja. Hesabu mpaka tano huku unapumua. Legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ila usifanye wakati unakojoa."

Mama Pasi akajaribu.

"Mbona unakunja uso?" mkunga akacheka. "Uso hauna kazi hapo!"

Mama Pasi naye akacheka. Alikuwa hajacheka na mtu muda mrefu. Akanywa maji.

Kesho yake mkunga alimsindikiza zahanati. Walimpima mkojo na sukari, wakakuta hana ugonjwa mwingine. Muuguzi akamwambia mazoezi huchukua wiki nyingi, asikate tamaa. Akamshauri avae pedi safarini.

Mama Pasi hakusubiri apone. Wiki hiyo hiyo alipanda basi.

Binti alimfungulia mlango akiwa amenuna.

"Kumbe kazi zimeisha?"

"Haikuwa kazi, mwanangu. Mkojo unanitoka. Niliogopa kulowesha godoro lako."

Binti akaegemea bega la mama yake.

"Na mimi, mama. Tangu nijifungue. Hata mume wangu hajui."

Siku ya kliniki walikwenda pamoja, Mama Pasi amempakata mjukuu. Muuguzi alimaliza kuwafundisha wazazi, akauliza:

"Kuna mwenye swali?"

Binti aliinamisha kichwa.

"Lipo," alisema Mama Pasi kwa sauti. "Ni letu, mimi na mwanangu. Tunavujwa na mkojo."

Hakuna aliyecheka. Mwishoni mwa benchi, mama mmoja aliyekuwa amekaa peke yake aliinuka na mtoto wake, akaja kukaa karibu nao ili asikie vizuri.