Vifungo Thelathini na Moja

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, cherehani moja na mtoto mchanga mmoja. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Uzito wake ulikuwa kilo nne. Sauti yake ilikuwa kilo arobaini. Alipolia, mtaa wa pili walifunga madirisha. Paka wa jirani alihama kabisa, na hadi ninapoandika haya hajarudi.

Mama wa mtoto ni mshonaji, na watu wote humwita Mshonaji. Mumewe ni fundi makochi. Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Wana binti wa miaka minne, anayeitwa Kengele kwa sababu hanyamazi. Bibi, mama yake Fundi, alikuwa amekuja kusaidia.

Kila siku watu walikuja kumwona mtoto. Walikaa kwenye kochi. Walisifu pua yake. Walisema kafanana na babu yake, ingawa babu alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Mshonaji aliinuka kuwapikia chai. Aliinuka kuwaletea maji. Akaosha vikombe. Hao wakitoka, wengine wanapiga hodi.

Asubuhi moja alikuja mhudumu wa afya. Yeye hutembelea nyumba zenye watoto wachanga. Mtaani wanamwita Mama Kipimo. Inasemekana akikupa mkono kukusalimia, anahesabu mapigo yako.

Alimpima mtoto. "Huyu hana neno. Sasa mama yake."

"Mimi siumwi," alisema Mshonaji.

"Ulikuwa na presha wakati wa ujauzito. Vidonge unameza?"

"Niliacha. Ile ilikuwa presha ya ujauzito. Si nimeshajifungua?"

"Nani kakwambia uache?"

Mshonaji alimtazama mama mkwe wake. Bibi akatazama dari.

"Haya, kaa. Egemea kiti. Miguu sakafuni, usiikunje. Mkono juu ya meza. Tulia dakika tano bila kuongea. Na wewe mama, nyamaza kidogo."

"Mimi sipimwi!" alisema Bibi.

"Ndiyo, lakini unamchekesha anayepimwa."

Mashine ilivuma, kisha ikatulia. Mama Kipimo alingoja kidogo, akapima tena. Presha ilikuwa juu: mia moja hamsini na mbili kwa tisini na nane.

"Kichwa kinauma sana? Macho yanaona ukungu? Pumzi inakata? Maumivu chini ya mbavu?"

"Hapana. Nimechoka tu."

"Basi leo hii tunakwenda kituo cha afya. Ungekuwa na dalili hata moja kati ya hizo, tungekimbia hospitali sasa hivi na kuacha sufuria jikoni. Sikiliza, mwanangu. Presha hii haitoki tumboni pamoja na mtoto. Inaweza kubaki wiki nyingi. Na mama aliyewahi kuipata, moyo wake uangaliwe hata miaka ijayo."

Daktari alimpa vidonge vinavyomfaa mama anayenyonyesha. Mshonaji alivimeza kila siku. Lakini wiki iliyofuata presha ilikuwa imeshuka kidogo tu.

"Unalala saa ngapi kwa siku?" aliuliza Mama Kipimo.

Mshonaji alicheka. "Kulala ndiyo nini?" Kisha machozi yakamtoka. "Naogopa. Nikianguka mimi, hawa watoto watabaki na nani?"

Fundi aliingia akifuta gundi mikononi. "Mama watoto, kwani unachoka na nini? Si unashinda nyumbani, unapumzika?"

Mama Kipimo hakubishana naye. Alichukua kopo la vifungo chini ya cherehani, na kikombe kitupu.

"Leo nakaa hapa mpaka saa sita mchana. Kila akiinuka kumhudumia mtu, natia kifungo kimoja."

Ilipofika saa sita alimwita Fundi. "Hesabu."

Fundi alihesabu. Akahesabu tena, labda vitapungua. Vilikuwa thelathini na moja.

"Na kunyonyesha sijahesabu," alisema Mama Kipimo.

"Vingine umetia kwa kunionea."

"Vyako ni viwili tu. Uliomba maji ya kunywa. Ukayanywa, ukaomba mengine."

Fundi alivitazama vifungo. Vilikuwa bado mkononi. "Kumbe," alisema mwishowe. "Mke wangu, nisamehe."

"Sasa kaa, nikupime na wewe," alisema Mama Kipimo.

"Mimi? Mimi nabeba kochi la watu watatu peke yangu!"

"Sipimi kochi."

Presha ya Fundi nayo ilikuwa juu. Mama Kipimo alimwambia kipimo cha siku moja hakitoshi. Ni lazima apimwe tena siku nyingine.

Chakula kikaletwa. Fundi akavuta kopo la chumvi, akanyunyiza. Kengele naye akavuta, akanyunyiza.

"Umeonja kwanza?" Mama Kipimo alimuuliza mtoto.

"Baba mbona hajaonja?"

Bibi alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Mmeona?" alisema Mama Kipimo. "Mtoto anafuata mnachofanya. Atakula mnavyokula. Mkitembea, atatembea. Mkigombana kila siku, atakua na wasiwasi, na wasiwasi wa muda mrefu hauupendi moyo. Watu hungoja mtu aanguke ndipo wamsaidie. Msaidieni mama mapema, mtoto akiwa bado mchanga. Hapo mnalinda moyo wake, wa baba, na mioyo ya watoto watakapokuwa wakubwa."

"Tuanzie wapi?" aliuliza Fundi.

"Anza na usingizi wake."

Kuanzia siku ile, Bibi alikaa mlangoni kama askari wa benki. Mgeni akifika, aliambiwa: "Mtoto amelala. Mama yake amelala. Nepi ziko macho, beseni lile pale." Jirani mmoja aliyezoea kukaa saa tatu nzima alifua nepi ishirini. Siku hizi anasalimia akiwa barabarani.

Fundi alimchukua mtoto kila jioni akishamaliza kunyonya. Alimbeba kifuani na kumweleza jinsi kochi linavyotengenezwa. Fremu, mikanda, sponji. Mtoto hakuwahi kuifikia sponji, alisinzia kwenye mikanda. Mshonaji akalala saa nne mfululizo. Siku ya kwanza aliamka akiwa na hofu, akauliza ni mwezi gani.

Chumvi ilitolewa mezani. Wikendi walitembea wote kuzunguka mtaa, Kengele mbele akitangaza njia. Fundi alipimwa tena, na ikaonekana presha yake ni ya kweli. Akaanza matibabu. Kelele za kujisifu kwa kubeba makochi zikapungua.

Baada ya miezi mitatu Mama Kipimo alirudi na mashine. Mshonaji alikaa, akaegemea, akanyamaza. Mia moja ishirini na mbili kwa sabini na nane.

"Sasa niache vidonge?"

"Safari hii usimuulize mama mkwe. Muulize daktari. Yeye ndiye atakayekupunguzia au kukuachisha. Na hata ukiacha, njoo upimwe."

Bibi alileta chai. Mshonaji alipopiga funda la kwanza, mtoto alilia chumbani, ile sauti ya kilo arobaini. Mshonaji akaanza kuinuka.

"Keti," alisema Fundi, tayari yuko mlangoni. "Niko naye."

Mshonaji akaketi. Akaegemea tena, akainywa chai yake yote ikiwa ya moto.