Mlango wa Friji Ufukweni

Kila siku asubuhi, Kimbelembele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka, wa kwanza kuoga na wa kwanza kumaliza chai. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wenzake wa darasa la sita, kwa sababu alikuwa akinyoosha kidole kabla mwalimu hajamaliza swali. Akipatia, alitamba wiki nzima. Akikosa, alisema kosa ni la swali.

Alhamisi moja, mwalimu wa sayansi aliingia darasani na habari mpya.

"Keshokutwa tutakwenda ufukweni kumsaidia afisa mazingira wa halmashauri," alisema. "Kila mmoja atapewa kipande chake cha ufukwe, aokote takataka, kisha tuzipime kwenye mizani. Atakayeleta mzigo mzito kuliko wote atapanda boti ya doria kwenda kuona matumbawe."

"Ni mimi!" Kimbelembele akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Sijauliza ni nani," mwalimu akajibu. "Kaa chini."

Vipande viligawanywa. Kimbelembele alipewa kile kilichokuwa mbele ya banda la mama yake, ambaye alikuwa akikaanga na kuuza samaki pale pale ufukweni. Kipande cha jirani kilimwangukia Kobe, mvulana aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyokuwa akizungumza polepole. Huyo ukimsalimia asubuhi, jamani, atakuitikia mchana.

Jioni Kimbelembele alikwenda kukagua kipande chake, akajishika kichwa. Hapakuwa na kitu! Mama yake hakuwa na mchezo na ufagio. Kabla ya kuwasha jiko alifagia kuanzia bandani hadi maji yanapoishia, na mteja aliyethubutu kutupa mfupa chini aliamriwa kuuokota mwenyewe mbele za watu. Kwenye kipande cha Kobe, kinyume chake, palikuwa na neema tele: chupa za plastiki, ndala za mguu mmoja mmoja na vipande vya nyavu.

"Mama, kwa nini lakini unafagia hivi?" Kimbelembele alilalamika.

Mama alimgusa paji la uso. "Mwanangu, unaumwa?"

Ijumaa baada ya masomo, mama alipokwenda kununua samaki, Kimbelembele alichukua mkokoteni wa kubebea kuni, akashika njia ya jalala la sokoni. Huko alipakia makopo ya rangi, betri mbovu za gari, dumu lenye mabaki ya oili chafu, na juu ya vyote, mlango wa friji. Alifunika mzigo kwa turubai, akaanza kusukuma huku jasho likimtiririka. Njiani akakutana na Kobe.

"Umebeba... nini?" Kobe aliuliza.

"Mzigo wa mama."

Kobe aliangalia kona ya mlango wa friji iliyochungulia chini ya turubai. "Kwani mama yako... siku hizi... anauza..."

Kabla hajamaliza, Kimbelembele na mkokoteni wake walikuwa wameshakata kona.

Jumamosi ilifika. Afisa mazingira alikuwa mtu mrefu, mwenye mabuti makubwa na sauti ya kuita watu walio ng'ambo hata anapozungumza na aliye mbele yake. Gunia la Kobe lilipimwa, likawa zito kuliko ya wenzake wote. Ndipo Kimbelembele akaibuka na mkokoteni kutoka nyuma ya banda. Mizani ililia kwa uzito. Wanafunzi wakapiga makofi.

Afisa hakupiga makofi. "Mlango wa friji! Huu nao umeletwa na bahari?"

"Ndiyo, afisa. Ulikuja na wimbi."

"Na hizi betri?"

"Wimbi hilo hilo."

Kobe alinyoosha kidole. "Lakini... huo mlango..."

Kimbelembele akamkanyaga mguu, naye akanyamaza.

Afisa aliinama, akanusa lile dumu, akakunja uso. "Oili na betri ni sumu. Kama bahari inatupa sumu mahali hapa, chakula hakiwezi kupikwa hapa." Akatoa utepe mwekundu, akaanza kulizungushia banda. "Linafungwa mpaka maji na mchanga vipimwe. Huenda ikachukua miezi."

Mama alitoka mbio, mwiko mkononi. "Unafunga nini wewe? Hapa nafagia mpaka kaa wanapita kwa kunyata!"

"Mama, mizani haisemi uongo," afisa akajibu.

Wateja waliinuka. Mmoja alitema kipande cha samaki. Mwingine, ambaye alikuwa ameshalipa, alitafuna haraka haraka kabla hajakatazwa. Mama alitazama mabenchi yakibaki matupu.

"Sasa watoto wangu watakula nini?" aliuliza.

"Mshindi aje botini!" afisa aliita.

Kimbelembele alivishwa jaketi la kujiokolea lililomfika magotini, akaketishwa mbele kabisa. Injini ikaunguruma. Hii ndiyo siku aliyoitamani. Lakini alipogeuka, alimwona mama yake akizima jiko na kukusanya vikaango kimya kimya. Mama kunyamaza! Mama, ambaye aliweza kubishana hata na mvua! Roho ilimsuta Kimbelembele, na machozi yakamlengalenga.

"Simamisheni boti!" alipiga kelele, na hakungoja isimame. Aliruka majini. Maji yalimfika kifuani, jaketi likamwinua na kumzungusha kama chupa tupu, mpaka akafika nchi kavu akitambaa.

"Ni mimi!" alisema akihema. "Takataka nilizitoa jalala la sokoni. Ufukwe wa mama ni msafi. Nilitaka kushinda tu!"

Afisa alitikisa kichwa kwa huruma. "Binti, najua unampenda mama yako. Lakini usiseme uongo ili kumwokoa."

"Jamani, mara hii nasema kweli!"

"Basi pale kwenye mizani ulikuwa unasema nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni. Kimbelembele aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akaona hakuna anayemwamini.

"Lakini... huo mlango..." ilisikika sauti. Alikuwa Kobe. Safari hii watu walimsubiri. "...niliuona jana... kwenye mkokoteni... ukitoka sokoni."

"Mbona hukusema mapema?" afisa akauliza.

"Nilikuwa... nasema."

Watu waliangua kicheko. Afisa mwenyewe hakucheka. Alichimba mchanga kwa buti, hapa na pale, akaunusa, asione hata tone la oili. Akaona haya kwa kutofanya hivyo tangu mwanzo. Akaufungua utepe wake.

"Mama, nisamehe," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. Kisha akamgeukia Kimbelembele. "Hatukupima takataka kwa ajili ya mchezo. Tunapima ili tujue bahari inaumia wapi. Ukitudanganya, tutafunga mahali pasafi, na penye sumu ya kweli tutapaacha paoze. Samaki watakufa huko huku sisi tumekaa hapa tunalinda ufagio wa mama yako."

"Nimekosa, afisa."

"Na sisi tumekosa. Tumeweka zawadi kwa mwenye takataka nyingi, wala hatukumkumbuka anayefagia kila siku. Lakini kosa letu halisafishi lako."

Betri na oili vilipakiwa kwenye gari la halmashauri. Vilivyobaki aliamriwa Kimbelembele avirudishe jalalani, peke yake. Kobe akapanda boti na kupunga mkono, polepole.

Kimbelembele alishika mkokoteni, macho chini. Mama akamsogelea.

"Nimekukasirikia sana," mama alisema. "Ulitaka sifa ya kazi ambayo hukuifanya, na karibu utulaze njaa. Ukweli mwanangu hauna mizani, lakini leo umeona uzito wake. Ungeweza kukaa botini, na mimi nisingejua."

"Ningejua mimi, mama."

Mama akamfuta maji ya chumvi usoni kwa ncha ya kanga yake.

"Basi nenda," alisema. "Ukirudi utamkuta samaki wako, bado wa moto."