Farasi Mbele ya Kioo cha Fundi

Sokoni watu walikuwa wakipigana vikumbo, mara farasi wa rangi ya kahawa akasimama katikati ya njia, mbele ya duka la fundi cherehani, penye kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Mtunzaji wake, kijana mrefu mwenye mabuti ya matope, akavuta kamba. Wapi!

"Kaka, mgeni wako anataka suruali?" fundi aliuliza. Alivaa gauni la manjano, tepu ya kupimia shingoni.

"Ya miguu minne, dada. Utamweza?"

Wakacheka. Fundi akaleta ndoo ya maji bila kuombwa, na hapo ndipo kijana alipomtazama sawasawa.

Tangu siku hiyo farasi akawa anagoma palepale kila asubuhi, na jioni simu kati ya fundi na kijana haikupoa.

"Mpenzi, shemeji yangu farasi kalala?"

"Alale wapi! Anapiga mateke mlango, chakula hataki. Tangu ahamishwe kutoka shambani hana raha. Tajiri wangu kasema asipotulia kufikia mwisho wa wiki, anauzwa. Na huko anakokwenda, sijui kama watamhurumia."

"Mbona kwangu anatulia?"



Siku moja farasi akavunja mlango wa banda, akakimbia. Kijana alimkuta dukani kwa fundi, kimya kama maji mtungini.

"Kumbe unamzoesha sukari!" alifoka. "Unataka nifukuzwe kazi?"

"Sukari? Mimi?" Machozi yakamlenga fundi. "Nimempa maji tu, baba."

Akamgeuzia mgongo. Jioni hiyo simu zake hakupokea.

Lakini lile swali, kwa nini farasi anatulia kwake, lilimkera fundi. Kesho yake, farasi aliposimama kama kawaida na kijana akitazama chini kwa aibu, fundi alikuwa akikisogeza kile kioo kirefu cha wateja. Shingo ya farasi ikafuata. Akakirudisha. Shingo ikarudi.

"Wewe, njoo uone," aliita, hasira ikisahaulika. "Shambani aliishi na nani?"

"Na dada yake. Mabanda yao yalitazamana."

"Na hapa?"

"Peke yake..." Kijana akashika kichwa. "Masikini!"

Jioni hiyo walikifunga kioo bandani, nje ya nondo za dirisha asije akakivunja. Farasi alisogeza pua, akapumua hadi kioo kikapata ukungu, kisha akainamia majani, akala. Mwisho wa wiki tajiri alikuja, akatega sikio asisikie teke hata moja. "Abaki," akasema, akaondoka.

"Sasa wateja wangu watajionaje?" fundi aliuliza.

"Nitanunua kingine. Nisamehe, mpenzi. Nilikusingizia."

"Nimesikia."

"Yeye mwenzake wa kioo anamtosha. Mimi nataka nikiamka nikuone mwenyewe. Nimlete mama kwenu?"

Fundi aliviringisha tepu kidoleni, akaiviringua.

"Mlete. Na shemeji umletee sukari, maana kasingiziwa na hajawahi hata kuionja."