Mshiriki wa Kumi na Saba

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa wanafunzi, jasho na mlio wa mashine inayotafuna karatasi. Mwenye duka alimnyooshea mkono mwanamke aliyefika kaunta.

"Dada, lete flash."

"Sichomeki flash yangu kwenye kompyuta ya watu. Nitolee kopi za hizi karatasi."

Nyuma yake mwanaume akacheka. Alikuwa amevaa shati la ofisini lililofungwa vifungo hadi shingoni, na chini yake buti za mpira zenye tope lililokauka.

"Flash yenyewe ina dhahabu?"

"Ina watu," alijibu bila kugeuka.

Kisha akageuka. Gauni lake la bluu lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyonyooka kama rula, na kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye nywele. Akaeleza, maana alikuwa mtu wa kueleza: alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, akichunguza jinsi jiji linavyofanya maamuzi ya tabianchi, hasa mafuriko, na ni nani anayeweza kuingia kwenye mitambo inayotoa maonyo.

Mwanaume akaacha kucheka. "Basi umeokota mtu wako. Mimi ndiye ninayefunga vipimo vya kina cha mto."

Wiki iliyofuata mwanaume huyo alikaa mbele ya kinasa sauti, katika chumba chenye feni moja iliyopinda, akasema alichokibeba miaka miwili. Ofisi yao ya maonyo ilikuwa na watu kumi na mmoja na nenosiri moja, lililobandikwa kwa gundi ubavuni mwa skrini. Siku ya mafuriko makubwa mtu aliingia akasimamisha onyo kwa masaa manne. Watu wa bondeni wakaamshwa na maji badala ya simu.

"Nani alisimamisha?"

"Mfumo unasema 'afisa'. Na sote kumi na mmoja ni afisa."

Mtafiti alimwandika Mshiriki wa Kumi na Saba. Jina lake halikuonekana popote, na sauti yake ilifungiwa. Sura ya nne ya ripoti ya mtafiti, iliyokuwa imelegea mwaka mzima, ikasimama.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mwanaume alipiga simu kuuliza kama kinasa sauti kilipona baada ya maneno yote yale, na siku ya tatu akapiga bila sababu. Baada ya wiki chache alikuwa akimwita mpenzi.

"Mpenzi, mto umeshuka sentimita sita."

"Hayo ndiyo maneno ya mapenzi?"

"Kwangu ndiyo. Ukipanda, Jumamosi siji."

Kila Jumamosi walitembea, na kila Jumamosi mtafiti aliiacha simu yake kwenye droo.

"Simu iko wapi leo?"

"Inapumzika."

"Ina mapumziko mengi kuliko mimi!"

Alicheka naye, wala hakumwambia kwa nini. Mtu akikuta orodha ya simu alizopigiwa mtafiti, au njia ambazo simu yake imepita, hahitaji kufungua mahojiano. Anajua tayari nani kasema. Kwa hiyo namba ya mwanaume huyo aliihifadhi kwa jina lingine, na jumbe zake alizifuta kila jioni, baada ya kuzisoma mara mbili.

Aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, katika nyumba ambayo sinki lake la jikoni lilikuwa likivuja kwa wiki tatu. Alasiri moja, akiwa bafuni, alisikia simu ikiita, kisha sauti ya dada yake ikapanda.

"Wee fundi! Huna aibu? Kupiga simu kila siku unajua, kuja hujui! Ndoo imejaa mara ngapi hapa? Utakuja, au nitafute mwanaume mwingine?"

Alitoka mbio, povu sikioni. Dada yake alikuwa akiitazama simu kwa mshangao.

"Ameniuliza namba yake imeandikwaje. Nikamwambia, 'Fundi Bomba, kwani wewe nani?' Akasema, 'Kumbe ndiye mimi.' Akakata." Alimkazia macho mdogo wake. "Huyo si fundi wetu, eti?"

"Si fundi wetu."

"Mungu wangu. Na mimi nimemtukania sinki."

Mtafiti alimpigia mwanaume mara moja tu.

"Sema," alijibu mwanaume.

"Siwezi kusema kwenye simu."

"Bila shaka huwezi." Simu ikakatika.

Siku tisa hakupiga tena. Aliyapanga mambo kama alivyozoea, kwenye karatasi, kwa safu mbili. Akikaa karibu na mshiriki wake, uchambuzi wake hauaminiki, na mshiriki anajulikana. Akimwondoa mshiriki, sura ya nne inaanguka. Hakukuwa na safu ya tatu. Siku ya kumi, asubuhi, alikwenda darajani alikofanya kazi mwanaume, mahali ambapo kwa makusudi hakuwahi kukanyaga.

Mwanaume alikuwa ameinama kwenye nguzo, akisugua matope kwenye namba zilizopakwa rangi. Alimwona, akaendelea kusugua.

"Sinki limepona?"

"Bado. Nilikuficha kwa sababu nilikuahidi usalama. Simu ni sehemu ya usalama."

"Hilo halikuwa kwenye fomu niliyosaini."

"Halikuwa. Ni kosa langu."

Brashi ikasimama. "Nilidhani unaonea aibu buti hizi."

"Buti hazina kosa." Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Hii ni fomu ya kujiondoa. Ukisaini, mahojiano yako nayafuta leo. Hutakuwa mshiriki wa mtu, nami nitaweza kutembea nawe barabarani na simu mkononi."

Aliisoma hadi chini. "Na sura yako?"

"Itaanguka."

"Ukinifuta mimi, yale masaa manne nayo hayakuwepo." Akamrudishia. "Juzi nimempelekea mkuu wangu barua. Kurasa mbili, jina langu juu na chini. Nenosiri, onyo, vyote. Nilikasirika kufichwa na wewe, halafu nikajiuliza mimi mwenyewe najificha nini."

"Watakuondoa."

"Wakiniondoa nitakuwa fundi bomba kweli."

Mtafiti hakucheka. Aliitazama ile namba iliyosuguliwa, akahesabu upya, akaona safu ya tatu aliyoikosa.

"Basi utahitaji fomu mpya, ya kukubali kutajwa jina. Na sura ya nne ataiandika mwenzangu, jina lake juu, si langu. Mimi siwezi tena kusema nakusikiliza bila upendeleo."

Mwanaume alifuta mikono kwenye suruali, polepole.

"Hayo ndiyo maneno ya mapenzi?"

"Kwangu ndiyo."

Hawakumwondoa. Walimhamishia stoo, kuhesabu betri, na barua yake ikajibiwa kwa mstari mmoja. Lakini mwezi huohuo kila mmoja wa wale kumi na mmoja alipewa nenosiri lake, na karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa skrini ikabanduliwa.

Jumapili iliyofuata, mchana, mlango uligongwa. Dada mtu akafungua, futi ya kupimia nguo shingoni. Mbele yake alisimama mwanaume mwenye shati lililofungwa hadi shingoni, viatu vya ngozi vipya vinavyombana waziwazi, na mfuko wa vifaa.

"Nimekuja kuangalia sinki."

Dada alimpima kutoka kichwani hadi viatuni, kama anayekadiria kitambaa.

"Wewe ndiye fundi bomba?"

"Ndiyo, shemeji."

Dada alisogea kumpisha, kisha akageuza uso kuelekea ndani.

"Wee mtafiti! Njoo umpokee mtu wako. Na ulete ndoo."